Mashine ndogo ya nakshi: maswali tunayoulizwa kila mara karakanani Lamu

Haya ni majibu ya maswali yanayorudi rudi kuhusu hii mashine ndogo ya mkono ya kuzunguka, ile wengi wanaiita Dremel hata ikiwa imeandikwa jina lingine. Yameandikwa zaidi kwa fundi wa nakshi, mtu wa milango na makasha na viti vya enzi, lakini mwenye kutengeneza boti ama mwenye duka la mapambo Malindi pia atapata lake. Kama unaanza leo usiruke swali la miwani na la koleti (kile kibomba kinachoshika biti, yaani kichwa cha kuchongea kinachozunguka), mengine unaeza kusoma ukipata nafasi.

Kwani kitu kidogo hivi kinaeza kuumiza mtu kweli?

Ndio, na kinaumiza kwa sababu watu wanakidharau. Grinda kubwa mtu akiiwasha anaishika kwa mikono miwili na uso anaupeleka mbali, hii ndogo anaishika vidole vitatu huku anapiga gumzo na mwenzake. Sasa angalia hesabu. Grinda ya inchi nne na nusu inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, hii ndogo inafika 35,000. Diski ya milimita 24 kwa kasi hiyo, ukingo wake unakimbia karibu kilomita 160 kwa saa (na hapa Amu tunapishana na punda), na uso wako uko hapo hapo juu yake manake nakshi lazima uinamie ndo uione. Nguvu ya mota ni ndogo kweli, nyingi ni wati 130 mpaka 175, haitakung'oa mkono. Kinachoumiza ni kile kinachoruka, vumbi unalovuta, na biti iliyopinda.

Ndugu yangu kaniletea kutoka Marekani, nikiweka adapta ya plagi si yatosha?

Haitoshi. Adapta inabadilisha miguu ya plagi tu, umeme ni ule ule. Kwetu stima ni volti 240, mashine za Marekani ni za volti 120, ukiichomeka hivyo itazunguka kwa kelele ya ajabu kidogo alafu moshi, na kabla moshi haujatoka hio kasi imeshapita kiwango cha biti yoyote ulioifunga. Soma kibandiko cha mashine. Kikisema 120V tafuta transfoma ya kushusha, wati 300 au zaidi ili isichemke, ama uza mashine ununue ya 240. Ya betri haina tabu hio ila chaja yake isome nayo, kuna chaja zinakubali 100 mpaka 240 na kuna ambazo hazikubali.

Miwani yangu ya kusomea yatosha?

Hapana. Miwani ya kusomea haina ubavu na kioo chake chaweza kupasuka kikaingia machoni pamoja na hicho kipande ulichokuwa unakikimbia. Unataka miwani ya kazi iliyofunika pembeni na juu, iliyoandikwa alama ya usalama, EN166 ama Z87, kwenye fremu. Na kama macho yako ya karibu hayaoni, nunua ile pana inayovaliwa juu ya miwani yako, usichague moja.

Kwa diski za kukatia na brashi za waya sisi tunaongeza na ngao ya uso, ile ya plastiki inayoshuka mpaka kidevuni. Kuna kijana atasema anaona joto, na ni kweli mwezi wa pili hapa joto lake si mchezo, jasho linashuka linaziba kioo. Dawa yake ni kupumzika na kupangusa, sio kuvua. Na ukimaliza, kabla hujavua miwani pangusa kwanza nyusi na paji la uso ukiwa umefumba macho, manake chembe zinakaa pale kwenye nyusi zinasubiri, unavua tu zinadondokea ndani.

Anaekaa karibu nawe pia avae. Mara nyingi anaeumia ni yule aliekuja kutazama.

Biti yangu inatetemeka na kutoa sauti, nini shida?

Hapa ndo pa kukaa kidogo.

Biti inashikwa na koleti, ile bomba ndogo iliyopasuliwa ambayo nati inaibana. Koleti zina saizi. Shina la kawaida ni milimita 3.2, lakini biti nyingi za seti za bei rahisi na zile za mafundi wa meno ni 2.35. Ukiweka shina la 2.35 kwenye koleti ya 3.2 nati itakaza mpaka mwisho na wewe utaona imeshika, lakini haijashika katikati, imeegemea upande mmoja. Ukiwasha inatetemeka, inalegea, alafu inachomoka. Kwahio kitu cha kwanza linganisha koleti na shina.

Cha pili, usiache shina refu nje. Ingiza mpaka ndani kabisa alafu rudisha kidogo tu, kama milimita moja mbili, ndo ukaze. Kuna watu wanaivuta biti nje ili wafikie ndani ya kona ya nakshi, na shina jembamba refu kwa 30,000 halivumilii, linapinda mara moja likawa kiboko kinachozunguka. Kama hufikii kona badilisha biti, ama funga ile shafti ya kunyumbuka yenye kichwa chembamba.

Cha tatu, kaza kwa spana, sio kwa vidole, lakini usikaze nati wakati hakuna biti ndani, koleti inabonyea na haifai tena. Na ile swichi ya kufunga shafti usiibonyeze mashine ikizunguka hata kama imebaki kuzunguka pole pole, inakula meno ya ndani.

Cha nne, biti yenyewe. Za bei rahisi nyingi shina na kichwa haviko mstari mmoja. Funga, elekeza mashine mbali na uso, washa kwa kasi ya chini kabisa na uangalie ncha: biti nzuri ncha yake inaonekana nukta imetulia, mbaya inaonekana ukungu mpana. Yenye ukungu tupa. Najua imekugharimu, tupa.

Nitumie kasi gani?

Hakuna namba moja, lakini kuna njia ya kufikiri: kichwa kikubwa kasi ndogo, kichwa kidogo kasi kubwa. Biti ndogo ya kuchonga kwenye mvule ama bambakofi inafanya vizuri 20,000 mpaka 30,000. Ngoma ya msasa punguza, kama 15,000 hivi, la sivyo inachoma mbao na kuacha mstari mweusi ambao hutoi tena. Brashi ya waya isipite 15,000, na hio sio ushauri wangu ni kiwango cha watengenezaji, ukipita nyaya zinang'oka moja moja zinaruka, zinaingia kwenye ngozi bila hata kuhisi. Plastiki pole pole sana.

Kila biti na diski ina kiwango chake cha juu kimeandikwa kwenye pakiti. Usitupe pakiti.

Alafu usikandamize. Ukiona unasukuma kwa nguvu ujue ama biti imekufa makali ama kasi sio yake. Sikiliza mota, ikishusha sauti umekandamiza, nyanyua mkono. Kuchonga ni kupitisha mara nyingi kidogo kidogo.

Mbona inakimbia yenyewe juu ya mbao?

Kwasababu unaipeleka upande ambao biti inajivuta. Ukiitazama kutoka nyuma ya mashine biti inazunguka kufuata saa, sasa ukiipitisha ukingoni kuna upande mmoja meno yanakwenda nawe na kuna upande yanapingana nawe. Yakienda nawe inapanda mbao inakimbia na mstari wa ua lako la waridi umeharibika, na kama kidole cha pili kiko mbele yake basi tena. Geuza mwelekeo, uhisi kama inakupinga kidogo, huo ndo upande wako. Kwenye kona na kwenye vifundo vya mbao na pale nyuzi zinapogeuka inaeza kuruka hata ukiwa upande sahihi, kwahio kidole kidogo ama kiganja kiegemee kwenye kazi muda wote, ili mkono usielee hewani.

Kipande ni kidogo, nikishike mkononi?

Usishike. Huku ndo mikono mingi inachubuka. Kipande kidogo kibane kwenye jiliwa, weka vibao laini pande mbili kisiumie. Kama huna jiliwa kigundishe kwa gundi ya moto juu ya kibao kipana alafu bana kibao, ukimaliza unakibandua. Kwa kasha ama mfaa wa mlango (ule mhimili wa katikati) ambao ni mzito wenyewe, laza juu ya meza na uweke klampu mbili, usiseme uzito unatosha.

Usichonge ukiwa umekaa chini na kazi umeibana kwa nyayo. Najua mafundi wa patasi wanafanya hivo na kazi zao zinasifiwa, na patasi mtu ameizoea miaka. Mashine haina mazoea na mguu wako.

Navaa kikoi na kanzu, dadangu yeye ni buibui na mtandio, tufanyeje?

Chochote kinachoning'inia kinaeza kushikwa na shafti, na kikishikwa kinajifunga haraka kuliko mkono wako kufika kwenye swichi. Kikoi cha kiunoni hakina tabu sana ukisimama mezani, tabu ni ncha zake ukikaa. Kanzu kunja mikono mpaka juu ya kiwiko ama vaa shati la mikono mifupi. Dadangu mtandio ufungwe nyuma uingizwe ndani ya nguo na pini, na buibui la mikono mipana libadilishwe kwa dera la mikono ya kubana ama avae aproni ya kitambaa kigumu juu. Tasbihi ya mkononi, bangili, saa, kamba ya simu shingoni, vyote weka pembeni. Nywele ndefu zifungwe.

Glavu za kufuma usivae kabisa, uzi mmoja ukishikwa unavuta kidole kizima. Miguuni viatu vya kufunika, ndara ni za msikitini.

Barakoa ile ya buluu ya hospitali inafaa kwa vumbi?

Haifai. Hio imelegea pembeni na vumbi la hii mashine ni laini kuliko la msasa wa mkono, linapita pembeni moja kwa moja. Unataka barakoa ya kuchuja vumbi, iliyoandikwa N95 ama FFP2, inayokaa vizuri puani. Wenye ndevu barakoa haikai, tusidanganyane, hewa inapita kwenye ndevu, na sisi wengi hapa tuna ndevu. Kwa hio mwenye ndevu asitegemee barakoa peke yake, apange na upepo.

Upepo sisi tunao wa bure. Kaskazi ikivuma kuanzia mwezi wa 12 inatoka kaskazini mashariki, na kusi kuanzia kama mwezi wa 4 inatoka kusini. Kaa ubavuni mwa upepo, vumbi lipite kwa kando, usikae upepo ukiwa mgongoni manake unaunda kimbunga kidogo mbele ya kifua chako na vumbi linarudi puani. Ila tazama linaenda wapi. Vichochoro vya mtaa wa Mkomani hapa mjini vyembamba, unaeza kuwa unampelekea jirani chai yake yenye unga wa mvule. Kwenye chumba cha ndani weka feni dirishani ikitoa nje, na kama una mashine ya kunyonya vumbi shikilia bomba lake karibu na biti.

Sio habari ya kupiga chafya tu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995, sanasana saratani ya pua, na wanaoumia ni wale wanaovuta kwa miaka. Mvule unajulikana kwa kuleta pumu na mwasho wa ngozi, mpingo nao mwasho. Ukiona kila ukichonga mvule macho yanavimba na kifua kinabana ukilala, usiseme ni mafua, badilisha mbao ama badilisha kazi kwa muda na uende kwa daktari ukamwambie unachonga nini.

Ukimaliza usifagie kavu. Pangusa kwa kitambaa kibichi. Na nguo za kazi usiingie nazo chumbani kwa mtoto mchanga.

Diski zangu za kukatia zinavunjika kila saa.

Zile nyembamba za mviringo zimetengenezwa kukata kwa ukingo tu na kwa mstari ulionyooka. Ukiipindisha ndani ya mkato inavunjika, ukisugua kwa ubavu inavunjika, ukiangusha sakafuni huenda imepasuka na huoni, itavunjika ukiwasha. Iliyoanguka tupa. Mpya iwashe hewani kama dakika moja, ikiwa chini ya meza ama imeelekezwa ukutani, kabla hujakata. Na usiweke uso kwenye mstari wa diski, kaa kando kidogo, manake vipande vinaruka kwa mstari huo huo.

Hizo za kawaida ni za chuma, msumari wa boti na bawaba, sio za mbao. Mbao inaishika na kuivunja. Za mbao ziko za aina nyingine zenye chembe za kabaidi, na hata hizo zinauma, bana kazi vizuri.

Na ile blade ya mbao yenye meno, naeza kufunga kwenye grinda kubwa nichane boriti?

Usifunge. Najua unaona watu wanafanya. Blade nyingi za mbao kiwango chake cha kasi ni chini ya kile cha grinda, kinga haikutengenezwa kwa ajili yake, na ikikwama kwenye mbao grinda inaruka kurudi kwa paja ama shingo. Tumia msumeno.

Karakana yangu ni ya makuti, kuna tatizo?

Kwa kuchonga mbao hakuna. Kwa kukata chuma lipo kubwa. Cheche inaruka mita kadhaa na kuti kavu la mwezi wa kwanza na upepo wa kaskazi halisubiri. Kata chuma nje, mbali na paa, mbali na rundo la unga wa mbao, na weka ndoo ya maji na ya mchanga karibu. Ukimaliza usiondoke papo hapo, kaa, kunywa kahawa, rudi uangalie, manake cheche kwenye unga wa mbao inaeza kukaa inafuka chini chini muda mrefu kabla haijawaka.

Kwenye boti ni zaidi. Ukifungua mashine ya boti toa tangi la petroli kabisa, liweke mbali, acha hewa ipite chini ya sakafu ya boti, mvuke wa petroli ni mzito unakaa chini hauonekani. Ndo uwashe. Na matambara uliyopakia mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa kona, yanachemka yenyewe mpaka yanawaka bila kiberiti, tandaza nje yakauke ama yalowe kwenye ndoo ya maji.

Stima ikipotea nikiwa kazini?

Zima swichi na chomoa, usiache tu mezani ukaenda kuswali. Stima hairudi kwa hodi. Mashine iliyoachwa imewashwa itaanza kuzunguka yenyewe mezani, itatambaa mpaka ianguke, na mtoto atakimbia kuiokota. Pia kabla ya kubadilisha biti chomoa kila mara, swichi za hizi mashine ni rahisi kuguswa.

Kwenye jenereta usichanganye na friji ama pampu kwenye laini moja, umeme unapanda na kushuka na kasi yako inapanda na kushuka nayo. Ekstensheni ikunjue yote, iliyokunjwa inachemka.

Kome, kioo, jiwe la matumbawe: lazima maji?

Kwa kome na kioo, ndio, maji kidogo yanapunguza vumbi na yanazuia biti ya almasi kuungua. Lakini mashine ya stima na maji ni balaa. Tumia ya betri, ama ile ya shafti ya kunyumbuka ambayo mota imening'inizwa juu mbali na maji na mkononi una kichwa tu. Dondosha maji kwa sponji, usizamishe. Ya stima kama huna budi basi ipite kwenye swichi ya usalama ya miliampia 30, inakata umeme ukivuja kabla haujakuua.

Jiwe la matumbawe la kuta zetu ni chokaa kwa sehemu kubwa, vumbi lake linakera. Likiwa limechanganyika na simenti na mchanga, hapo kuna silika, na silika ya vumbi inaharibu mapafu moja kwa moja hayarudi. Loweka ukuta kwanza na barakoa sio ya hiari.

Na tafadhali, mtu akikuletea gamba la kasa ama pembe ya ndovu umchongee, mrudishie. Sheria ya wanyamapori ya 2013 faini yake itakula karakana nzima.

Plastiki na faiba?

Plastiki inayeyuka inajifunga kwenye biti alafu inarusha matone ya moto. Kasi ya chini, gusa na uachie. Walioijenga Flipflopi hapa Lamu, lile jahazi la plastiki lililoshushwa majini 2018, walionyesha plastiki inachongeka kama mbao, lakini moshi wake usivute, ukinusa ujue kasi ni kubwa.

Faiba ya boti ni vumbi la kioo, inawasha siku mbili. Mikono mirefu ya kubana, barakoa, miwani, na ukioga anza na maji bila kusugua. Nguo zake zifue peke yake.

Mteja kaniletea mlango wa zamani anataka uwe kama mpya.

Taratibu. Rangi za zamani zinaeza kuwa na risasi ndani, na ukizisugua kwa mashine umeifanya vumbi na umeivuta wewe na watoto wa nyumba ile. Rangi toa kwa kikwangua na dawa ya kutoa rangi, sio kwa mashine. Na mlango wa Mji wa Kale ni urithi, mji umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, kwahio kabla ya kugusa nakshi ya zamani ongea na watu wa Makumbusho pale mjini. Kwa maoni yangu hii mashine haina kazi kabisa kwenye nakshi ya zamani zaidi ya kusafisha kipande kipya ulichounganisha. Alama ya patasi ya mtu aliekufa ukishaifuta haipatikani.

Vidole vinakufa ganzi na masikio yanalia usiku.

Ni mtetemo na kelele. Chonga kama dakika kumi na tano, weka chini, kunja na kunjua vidole, rudi. Usiibane mashine kwa nguvu, na ile yenye biti iliyopinda inatetemesha mara mbili. Vidole vikianza kuwa vyeupe vikipata baridi hio ni dalili ya mishipa, mwone daktari usisubiri. Masikio weka viziba sikio kwa kazi ya muda mrefu, sanasana chumba kidogo cha kuta nene ambapo sauti haina pa kwenda.

Inatoa cheche ndani na inanuka.

Cheche ndogo za buluu kwenye kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye mota, ni kawaida. Zikiwa kubwa za njano na mashine inakata kata, kaboni zimeisha. Zikague kila baada ya saa 40 mpaka 50 za kazi, ni skrubu mbili tu pembeni, ikibaki fupi badilisha zote mbili pamoja. Alafu pulizia matundu ya hewa, unga wa mbao ukijaa mle mota inapika. Ukitumia kompresa vaa miwani hata kwa hilo.

Na hewa yetu ina chumvi. Koleti na nati zinashika kutu kwa wiki chache tu ukiziacha mezani karibu na maji. Futa, paka mafuta mepesi kidogo, hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko. Betri usichajie juani wala usiache kwenye boti, iliyovimba usichaji tena.

Nikiumia?

Jichoni: unga tu ukiingia usisugue, osha kwa maji safi yanayotiririka kama dakika kumi na tano. Kikiwa kipande kimechoma na kukwama, usikitoe, usioshe, usibonyeze, funika na kikombe safi cha karatasi bila kugusa jicho na uende hospitali hapo hapo. Kipande cha chuma kikikaa kinaacha kutu kwenye jicho, usilale nacho ukasema asubuhi.

Kidoleni: bana kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia chungulia, inua mkono juu. Ukiwa huhisi ncha ya kidole ama hukunji, ni hospitali. Uliza kuhusu sindano ya pepopunda.

Walioko mjini hospitali ya King Fahd ni karibu. Walioko Matondoni, Kipungani ama Pate, kuwa na namba ya nahodha ukutani, sio kwenye simu ambayo itaisha chaji, na ujue maji yakitoka boti zenu zinakwama wapi.

Mwanangu ana miaka kumi na moja anataka kujifunza.

Aanze na penseli na patasi. Kuchora waridi na kusoma nyuzi za mbao ndo kazi yenyewe, mashine baadae. Akija kuishika ashike ukiwa umesimama nae, kasi ya chini, mbao laini, na aweze kukueleza mwenyewe kwanini anachomoa kabla ya kubadilisha biti.

Sasa patasi nitupe?

Usitupe. Mashine ni nzuri kuondoa uwanda wa nyuma ya nakshi na kuingia kona ambazo patasi inalia, lakini biti inaacha vinyweleo na uso wa mbao unakuwa kama umetafunwa. Mpigo wa mwisho ni wa patasi kali, hapo ndo mwanga unashika kingo. Mteja wa nje anaeza asijue tofauti. Mzee akipita mbele ya mlango wako atajua.